Nafasi Aliyoiacha Mama Vijiti

Watu wa Korogwe wa rika langu ukiwatajia Mama Vijiti, kwanza wanacheka, halafu wanajishika vidole. Vidole hivyo viligongwa sana. Kila mwaka, katika ile sikukuu ya Wahindu ya usiku tisa, mama huyo alitukusanya wasichana wa mtaa kwenye ua wa nyuma ya duka lake, akatupa kila mmoja vijiti viwili vifupi vilivyozungushiwa utepe wa rangi, akatufundisha kucheza dandiya. Asiyeijua dandiya nimwambie kwa kifupi: ni ngoma ya miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine. Watu wanatazamana, wanagongana vijiti, kulia, kushoto, kulia, kisha kila mtu anasogea kwa mwenzake anayefuata. Ukichelewa kidogo, kijiti cha mwenzio kinakuangukia kwenye kifundo cha kidole, na machozi yakikutoka hakuna wa kukubembeleza maana ngoma imeshaenda.

Mimi leo ni mshauri wa wanafunzi katika chuo kikuu kimoja, na wiki ijayo chuoni kwetu kuna Wiki ya Utamaduni wa Asia. Usiku wa mwisho ni usiku wa dandiya, na mwalimu wake ni mimi, Mzigua, niliyejifunza uani kwa Mama Vijiti. Ndiyo maana nimemkumbuka. Ningependa kusema nimemkumbuka kwa raha tu, lakini ningekuwa nadanganya. Kuna jambo linanikosesha amani, na siwezi kulieleza kabla sijamweleza yeye.

Tuanze na sauti. Mama Vijiti alikuwa na sauti mbili. Ya dukani ilikuwa kubwa. Ukiwa barabarani unamsikia akibishana na mteja juu ya upana wa kitambaa, tena kwa lugha ya mteja mwenyewe. Mtu wa Handeni alijibiwa kwa Kizigua, aliyeshuka mlimani alijibiwa kwa Kishambaa, na msichana aliyerudi likizo kutoka Dar akajitia hajui bei za Korogwe, alijibiwa kwa Kiswahili cha Dar mpaka akaona haya. Ya uani ilikuwa ndogo. Kule alisema polepole, ikabidi tumsogelee ndipo tusikie. Nilipokuwa mdogo nilidhani uani kuna mtu amelala.

Mama yangu alikuwa na cherehani yake barazani pale dukani. Mteja anakatiwa kitambaa ndani, anatoka nje anapimwa gauni. Walikaa hivyo miaka mingi, mmoja Mhindu asiyekula hata yai, mmoja Mwislamu asiyekosa swala, na sikumbuki waligombana kwa lolote isipokuwa uzi. Siku ya Idd mama alimpikia pilau ya viazi kwenye sufuria ya peke yake, isiguswe na mwiko wenye nyama. Na yeye, pamoja na ule udini wake wa mboga, alikuwa akimnunulia paka wake dagaa sokoni. Alisema paka hana dini, ale atakacho. Aliwabeba hao dagaa kwa ncha za vidole, mkono kaunyoosha mbali, sura kaikunja, na wauza samaki walikuwa wakimngoja makusudi wamwone akipita.

Alikuwa na misemo yake ya kibiashara ambayo mpaka leo naitumia kazini bila kutaja ilikotoka. Alisema mteja akikwambia "nitarudi", mwambie karibu, lakini usimwekee kiti. Alisema mkasi ukisita, kitambaa kimeharibika. Na alikuwa na usemi mmoja ambao haukuwa wa biashara, nao aliusema zaidi ya yote: homa haina ndogo. Ukipiga chafya karibu na duka lake, utausikia.

Hilo la homa lilikuwa ugonjwa wake yeye. Kabla hatujacheza alitupanga mlangoni, akatugusa paji la uso mmoja mmoja kwa mgongo wa mkono. Mwenye joto hakuingia. Wala hakumwambia tu arudi kwao. Alimshika mkono akampeleka mwenyewe, akamkabidhi kwa mama yake, akasimama pale mpaka aone mtoto amelazwa na mtu amekaa pembeni yake. "Msimwache peke yake," alisema. "Nitarudi kumwangalia." Na alirudi, ngoma ikiwa bado inaendelea, kaacha wageni uani. Wapo waliosema Mhindi huyu anaogopa kuambukizwa. Wapo waliosema anajitia daktari. Baba yangu alisema mwanamke aliyezoea kukagua marobota atakagua hata watoto wa watu. Watu hawakosi la kusema.

Halafu kulikuwa na suala la madrasa. Mwalimu wetu alikuja siku moja dukani kulalamika kwamba watoto wa Kiislamu wanafundishwa ibada za Kihindu. Mama Vijiti akamkaribisha kiti, akamjibu kwa adabu zote.

"Mwalimu, ibada nafanya mimi ndani, na mlango nimefunga. Hawa huku nje wanacheza. Na asiyekuja kwako kwanza, kwangu haingii. Waulize."

Akatuuliza. Ilikuwa kweli, alikuwa hatugusi paji la uso kabla hajatuuliza tumesoma nini. Tangu hapo mahudhurio ya madrasa katika zile siku za ngoma yalikuwa mazuri kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na mwalimu hakurudi tena kulalamika.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini sisi? Kwa nini asicheze na Wahindi wenzake? Jibu ni kwamba hawakuwepo. Zamani, nasikia, mtaa ule ulikuwa umejaa familia zao. Wakaondoka moja baada ya nyingine, huyu Tanga, huyu Dar, yule ng'ambo kabisa, maduka yakabadilisha wenyewe, na mwishowe wakabaki wazee wachache ambao miguu yao haitaki tena mambo ya kuzunguka. Ngoma ya miduara miwili inataka watu. Basi akaja barazani akamwomba mama yangu, akaenda kwa jirani akaomba, akaenda kwa muuza mkaa mwenye binti watatu akaomba. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba mwanamke yule, ambaye hakumwomba mtu hata chumvi, kila mwaka alipita nyumba hadi nyumba akiomba watoto.

Jambo moja alilikataza kabisa. Tusihesabiwe. Akitokea mgeni akaanza kutunyooshea kidole, moja, mbili, tatu, Mama Vijiti alimkatiza, akampa kiti, akampa chai. Sisi hatukushangaa. Bibi zetu nao walikuwa hawataki watoto wahesabiwe wakati wa kula, walisema kuhesabu watoto ni kuwapunguza. Tukaona kumbe Wahindi nao wana mwiko huohuo. Kwa hiyo miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba daima tulikuwa tumepungua mmoja.

Sasa nafasi yenyewe. Katika mduara wa ndani paliachwa pengo la mtu mmoja. Halikuwa bahati mbaya, aliliacha yeye. Alitupanga kwa mkono wake, huyu hapa, huyu hapa, halafu anaruka hatua, huyu pale. Mduara ukizunguka, na pengo linazunguka. Kwa hiyo kila msichana wa mduara wa nje, zamu yake ikifika, alijikuta anatazamana na mahali pasipo mtu. Na Mama Vijiti alitufundisha cha kufanya: hapo usiharakishe. Gonga hewa, kulia, kushoto, kulia, polepole kuliko kawaida, inamisha kichwa kidogo, kisha pita. Hata alipomfundisha mtu mmoja mmoja, yeye na wewe tu, aliiweka hiyo. Gonga, gonga, gonga, nafasi. Tuliiita nafasi. Tulijua ni sehemu ya ngoma, kama vile ruku ni sehemu ya swala. Na tuliipenda, kusema kweli, maana ndipo vidole vilipopumzika.

Lakini tuliiogopa pia. Katikati ya ua aliweka taa ya samli juu ya stuli, na taa nyingine zote zilizimwa. Tukizunguka, vivuli vyetu vilizunguka ukutani vikiwa virefu, vimebanana. Penye nafasi hapakuwa na kivuli. Palikuwa na kipande cha mwanga, chembamba, cha kimo cha mtoto, na chenyewe kilikuwa kinatembea ukutani pamoja na vivuli vyetu, kikipanda kwenye mlango wa jikoni, kikishuka, kikipita kwenye tangi la maji. Binti wa muuza mkaa ndiye aliyeanza kusema, "Huyo anapita." Tukacheka, lakini kuanzia siku hiyo hakuna aliyetaka kusimama karibu na ukuta. Nikamwangalia Mama Vijiti. Alikuwa hatuangalii sisi. Alikuwa anaangalia ukuta, anageuka taratibu na kile kipande cha mwanga mpaka kimalize mzunguko.

Mwaka mmoja alikuja kwetu likizo binti wa mama yangu mdogo, kutoka Dindira. Msichana mchangamfu, hajui habari hizi wala zile. Tulipoanza kuzunguka akaona pengo, na mtu mwenye akili akiona pengo si anaingia? Akaingia. Nikamwona Mama Vijiti amesimama, mkono mmoja uko mdomoni. Hakumfokea. Alizima kaseti. Akamfuata, akamtoa kwa kumshika mabega, akamgusa paji la uso, kisha akamgusa tena, kisha akatuambia kwa ile sauti ndogo twende tukalale. Kesho yake ndugu yangu yule akapata malaria. Malaria ya kawaida, wanayopata watu wote wa milimani wakishuka bondeni. Lakini Mama Vijiti alifunga duka. Alikuja kwetu na mkeka wake, akautandika chini, kando ya kitanda cha mgonjwa, na hakuondoka mpaka mtoto alipoomba uji. Siku alipopona, alimkatia kitambaa cha gauni, kile kizuri cha dirishani, akamwomba msamaha. Mtoto akauliza, "Msamaha wa nini, mama?" Akajibu, "Wa kukuacha uingie." Hatukuelewa. Binti yule hakucheza tena.

Mimi si mtu wa mizimu. Nimesoma, nimekaa na wanafunzi wanaonilia ofisini kwa mapenzi na kwa mitihani, na nimejifunza kwamba mambo mengi ya kutisha yana sababu nyepesi. Pengo la mduarani kwangu lilikuwa hatua ya ngoma tu. Nilihama Korogwe nikiwa kidato cha pili, nikakua, nikaolewa, na mikono yangu iliendelea kuijua dandiya jinsi miguu inavyojua njia ya nyumbani.

Basi kamati ya Wiki ya Utamaduni wa Asia ikaundwa, wanafunzi wakabandika matangazo mpaka kwenye mlango wa zahanati. Kutakuwa na Wachina wa kuandika kwa brashi, kutakuwa na Wajapani na chai yao inayonywewa kimyakimya, kutakuwa na mapishi ya Kikorea ambayo tayari yamezua ugomvi kwa sababu wengine wanasema harufu yake itafika bwenini. Alfajiri yoga uwanjani. Jioni filamu. Na usiku wa mwisho, dandiya. Wakatafuta mwalimu, hayupo. Nikasema mimi naijua. Wakacheka, nikawachukua wawili nikawagonga vidole, wakaacha kucheka.

Tumefanya mazoezi mwezi mzima. Wanafunzi wameshika vizuri, na kitu walichokipenda kuliko vyote ni nafasi. Yule aliyechora tangazo aliandika chini yake: ngoma yenye kimya ndani yake. Vijana wa leo mtu hawezi kuwanyamazisha hata kwa fimbo, lakini wakifika kwenye nafasi wananyamaza wenyewe, wanagonga hewa, wanainamisha kichwa, wanapita. Ukumbi mzima unapoa. Nilijisikia fahari.

Mwenyekiti wa kamati ni msichana Mhindu kutoka Dar. Alikuwa anashughulika na wageni, hakuwahi kuona mazoezi mpaka wiki iliyopita. Akasimama mlangoni akatazama. Walipomaliza akanivuta pembeni.

"Madam, samahani. Lile pengo ni la nini?"

"Ile ni nafasi," nikamwambia. "Ni sehemu ya ngoma."

Akanitazama kwa huruma, na mimi sipendi kutazamwa kwa huruma. "Madam, mimi nimecheza dandiya tangu sijaota meno. Bibi yangu kacheza, mama yangu kacheza. Hakuna kitu kama hicho."

"Labda kwenu Dar hakuna."

"Hakuna popote. Na wazee wetu watakuja, wamealikwa. Wakiona vile watauliza nani kafa."

 Nikamwambia nitauliza, nimpe jibu kabla ya Jumamosi. Nikarudi ofisini nikakaa. Swali lile, nani kafa, hakuna mtoto hata mmoja wa uani kwetu aliyewahi kuliuliza.

Mama yangu siku hizi yuko Handeni, karudi shambani kwao. Nikaenda. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikakaa nikamsaidia, nikamweleza. Hakuacha kupukuchua.

"Mmechelewa sana kuuliza," akasema.

"Kwani kuna nini, mama?"

"Alikuwa na binti. Huyohuyo mmoja. Wewe hujazaliwa, mimi ndiyo kwanza nimeweka cherehani pale. Mtoto mzuri, mcheshi, anacheza mduara wa ndani. Siku moja ya ngoma akashikwa na homa. Na siku hiyo wanawake wote wamekuja, mpaka wa Tanga, na anayeongoza ngoma ni mama yake. Akamlaza, akamfunika, akasema ni homa ndogo tu, kesho atacheza. Akatoka uani. Wenzake wakamwonyesha pale mtoto anaposimama, pana pengo. Akawaambia wasogee, wazibe, ngoma iende."

Akapukuchua gunzi mpaka likaisha, akalitupa.

"Walicheza vizuri sana siku ile. Mimi nilikuwa barazani, nawasikia. Walipomaliza akaingia ndani na ladu, kile kitamu chao cha sikukuu, mkononi, ampelekee mtoto."

Nikangoja. "Halafu?"

"Basi."

 Jina la mtoto mama alinitajia, lakini sitaliandika, kwa sababu mwenyewe aliyemzaa sikumsikia akilitaja hata siku moja.

"Mbona hamkutuambia?" nikamuuliza.

"Mngecheza?"

Kweli, tusingecheza. Mama akaendelea kwamba wakubwa wote wa mtaa walijua. Ndiyo maana waliwatoa watoto wao. Muuza mkaa alijua, na baba yangu, mtu mkali vile, unadhani angeniruhusu kurukaruka kwa Wahindi kama si hilo? Hata mwalimu wa madrasa, alisema mama, aliambiwa baadaye, ndipo akanyamaza. Mtaa mzima ulimkopesha watoto mwanamke yule ili aweze kumwachia wake mahali pa kusimama. Na alipopoteza usemi siku ile ndugu yangu alipoingia penye pengo, alikuwa anaogopa kitu kimoja tu, kwamba binti yake atakuja akute pamejaa.

"Sasa nifanye nini?" nikasema. "Wanafunzi wangu wanamwachia nafasi mtoto wa watu na hawajui. Niizibe? Niiache?"

"Unaniuliza mimi? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Yuko Kilole, palepale Korogwe, hajafa. Kamuulize."

Nilipanda basi la Korogwe kesho yake. Njiani nilijipanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba watoto wa watu kutoka Kagera, kutoka Mbeya, kutoka sijui wapi, wanamwinamia binti yake kichwa kila jioni. Nilidhani itamfariji. Na nilitaka ruhusa yake, iwe ya kuacha au ya kuziba, kwa kuwa sikuona kama kuna mtu mwingine mwenye haki ya kuitoa.

Duka liliuzwa zamani. Anaishi kwenye nyumba ndogo ya kupanga, na mpwa wake aliyeko Dar amemwekea mama mmoja mtu mzima, Msambaa, amtunze. Mama huyu alinipokea nje, akasikiliza nimetokea wapi, na nilipotaja dandiya akanishika mkono akaniketisha kwanza.

"Dada yangu, nakuomba kitu," akasema. "Mwaka jana huyu alikuwa analia kila siku. Akiamka asubuhi ananiuliza mtoto kaamkaje. Nikimwambia ukweli, kwake ni msiba mpya, analia mpaka sauti inakatika. Kesho yake anauliza tena. Msiba kila siku, mpaka na mimi nikawa naogopa kuche. Halafu siku moja hakuuliza. Sasa anakula, analala, anacheka. Usimkumbushe."

Nikamwahidi. Tukaingia.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomweka akilini, nywele nyeupe zimechanwa vizuri. "Shikamoo mama," nikasema, na nikajitambulisha kwa jina la mama yangu.

"Marahaba. Wa cherehani?" Uso ukamfunguka. "Bado anaiba uzi wangu?"

Tulicheka. Aliikumbuka baraza. Alikumbuka upana wa vitambaa ambavyo vimeshaacha kutengenezwa, alikumbuka mteja mmoja wa Mashewa aliyerudisha shuka baada ya kulilalia. Aliongea kwa sauti ya dukani, kubwa, humohumo ndani, na ndipo nilipogundua kwamba ile ndogo haipo tena. Hakuwa na mtu wa kuogopa kumwamsha.

Nilikuwa nimekuja na vijiti, vya wanafunzi. Nikavitoa. Akavipokea, akavipima uzito, akaguna kwamba ni vyepesi.

"Mama," nikasema, na nilichagua maneno kama mtu anayevuka matope, "hawa ninaowafundisha wanaacha nafasi kwenye mduara wa ndani. Ya mtu mmoja. Niwaambieje?"

"Nafasi ya nini?"

"Wanaiacha tu, mama."

"Wavivu hao." Akatikisa kichwa. "Waambie wasogee, wazibe, ngoma iende."

Yule mama mtunzaji aligeukia dirishani. Mama Vijiti akanipa vijiti viwili, akachukua viwili vyake, akaniambia nisogeze kiti nimwonyeshe kama bado naweza. Tukacheza tumekaa. Mikono yake haikuwa imesahau chochote. Kulia, kushoto, kulia. Kulia, kushoto, kulia. Ikafika pale ambapo miaka yote ile, uani, mkono wake ulikuwa unapungua mwendo wenyewe. Mimi nikasimamisha mkono. Yeye akapita moja kwa moja, kwa kasi ileile, na kijiti chake kikagonga mkono wangu.

"Umechelewa," akasema, na akacheka mpaka akakohoa. Sijawahi kumwona na furaha vile. Nilitamani kulia na nilishindwa, kwa sababu hapakuwa na msiba humo ndani.

Niliaga alasiri. Alinishika mikono akanibariki, akasema nimsalimie mama, akaniambia nikirudi nije na vijiti vizito. Nikatembea mpaka barabarani nikasimama kwenye kivuli cha duka la mtu kungoja usafiri, na hapo simu ikaita. Alikuwa mwenyekiti wa kamati. Wazee wamethibitisha kuja, akasema, anataka kuwapanga wanafunzi jioni ile, niseme basi tuzibe ama tusizibe.

Nilikuwa na ruhusa yangu. Nilikuwa nimeifuata Kilole na nimeipata, kwa mdomo wa mwenyewe aliyemzaa. Ziba. Na mama mtu kapona, namshukuru Mungu kwa hilo, sitaki arudi alikotoka. Lakini mtoto je? Nilimwonea uchungu mtoto ambaye sikuwahi kumwona kuliko nilivyowahi kuwaonea walio hai. Miaka yote hii alikuwa na sehemu mbili tu za kukaa duniani, kichwa cha mama yake na lile pengo. Moja imeshafungwa. Nikawaona wanafunzi wangu wakisogea, bega kwa bega, mduara umejaa, hapana hata pa kupitisha mkono. Nikamwona mtu anakuja.

"Madam? Uko hewani?"

"Nipo."

"Huyo mwalimu wako amesemaje?"

"Amesema iachwe," nikamwambia.

"Amesema hivyo yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Na wazee wakiuliza nani kafa, waleteni kwangu."